Ukweli Ulipofika Bonde la Kokoto

Hadithi hii haikutokea. Na kama ilitokea, haikutokea kwetu. Na kama ilitokea kwetu, basi mimi sikuwepo. Nilikuwepo kikazi tu, na aliyepo kikazi, kwa mujibu wa kanuni za utumishi, hahesabiki kuwa shahidi.

Nchi yenyewe tuiite Jamhuri ya Shwari. Zamani Serikali ya nchi hiyo ilikutana na wananchi uwanjani, kama zifanyavyo nchi zilizo nyuma, mpaka siku ile mwananchi mmoja aliponyoosha mkono akauliza swali. Swali lenyewe halikuwa kubwa. Aliuliza, "Lini?" Mkutano ukavunjika, uwanja ukazungushiwa ukuta, na tangu hapo mikutano yote ikahamia mtandaoni na kuitwa semina. Humo kila kijiji kinaonekana kwenye kidirisha chake, kinatikisa kichwa, na kipaza sauti chake kimefungwa kutoka makao makuu kwa faida ya kijiji chenyewe.

Sasa, chini ya Bwawa la Fahari kuna bonde liitwalo Kokoto, na katika bonde hilo kuna machimbo ya mawe. Kwa miaka mingi baruti zililipuka pale asubuhi, mchana na jioni, na watu wazima karibu wote wakawa viziwi. Wataalamu walipendekeza vizibo vya masikio. Serikali ikalitazama jambo hilo kwa jicho la huruma, ikaona kwamba kumpa kizibo mtu ambaye tayari hasikii ni matumizi mabaya ya vizibo. Badala yake wakapewa maandishi. Ikaamriwa kwamba kila semina ya mubashara iwe na maneno yanayopita chini ya skrini, ili kiziwi asome kile ambacho mwenzake anasikia. Skrini kubwa ikasimikwa sokoni Kokoto. Spika hazikuwekwa, maana za nini kwa viziwi? Kwa hiyo hata wale wachache wenye masikio mazima, pamoja na watoto, nao wakawa wasomaji.

Ndipo ilipoundwa Idara ya Maandishi ya Chini, nami nikaajiriwa humo kwa cheo cha Afisa Makofi, Daraja la Pili.

Nieleze kazi yangu, maana wapo wanaodhani Serikali inacheza. Neno la kiongozi haliwezi kupita mbele ya macho ya taifa bila kukaguliwa, na kulikagua neno sawasawa huchukua wiki nzima. Lakini semina ni mubashara! Wengine wangeshindwa hapo. Sisi tuliandika maandishi kwanza, Kamati ikayakagua, yakapigwa muhuri, halafu kiongozi akapangiwa siku ya kuja kuyasema. Kilichobaki kwa mwandishi siku ya semina ni kubonyeza kitufe, mstari baada ya mstari. Kibodi aliachiwa kwa ajili ya vyeo tu, kwa kuwa mawaziri wetu hupandishwa cheo hata katikati ya hotuba.

Na kiongozi akitamka neno lisilo na muhuri? Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nabonyeza kitufe changu, na chini ya skrini linatokea neno [makofi]. Waziri akipiga chafya, [makofi]. Akimtukana msaidizi wake akidhani amezimiwa sauti, [makofi]. Semina moja ya Wizara ya Fedha ilikuwa makofi matupu tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi nikapongezwa mbele ya Idara nzima.

Sheria yetu ilikuwa fupi: sauti na maandishi vikitofautiana, maandishi ndiyo yaliyosemwa.

Jambo moja tu lilinisumbua, nalo ni watu wa Kokoto. Tukiandika kwamba sukari ipo tele, wanakimbilia dukani kugombea kilo ya mwisho. Tukiandika kwamba daraja ni imara, wanazunguka porini. Tulipoandika kwamba hakuna ugonjwa wa kuhara, walichemsha maji mpaka kuni zikaadimika bonde zima. Nililichukulia jambo hilo kuwa ni upungufu wa elimu.

Mwandishi wetu aliitwa Zawena. Alizaliwa huko huko Kokoto, binti pekee wa Bi Siwema, mwanamke aliyeponda mawe machimboni mpaka masikio yake yakaziba. Aliletwa mjini kusoma akiwa bado mdogo, na alipoajiriwa Idarani hakurudi tena kwao, kwa sababu mtumishi wa Idara haruhusiwi likizo, asije akaenda kuzungumza na wasomaji. Hivyo akawa anamwona mama yake kwenye semina tu. Kabla ya kugusa chochote, kila semina, alikitafuta kwanza kidirisha cha soko la Kokoto, amtazame Bi Siwema amekaa mstari wa mbele kwenye mkeka wake, halafu akashusha pumzi na kuanza kazi. Nilimpenda kama dada yangu, ingawa alinipita kwa kila kitu isipokuwa cheo.

*

Siku ninayoisema ilikuwa katikati ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima bila kupumua, na kwa sababu hiyo Wizara ya Maji iliona inafaa kuandaa semina iitwayo "Bwawa Letu, Fahari Yetu".

Waziri wa Maji, Mheshimiwa Daktari Makeke, alikaa studio. Sisi tulikuwa upande wa pili wa kioo: Zawena kwenye kibodi, mimi kwenye kitufe changu, na katikati yetu Bwana Tahadhari, Mwenyekiti wa Kamati ya Ukaguzi wa Maneno, amepakata muhuri wake mapajani. Simu zetu zilikuwa zimekusanywa mlangoni kama kawaida. Mitandao mingine yote nchini ilikuwa imefungwa mpaka semina iishe, ili mwananchi asipate kishawishi cha kuwasiliana. Ukutani vilionekana vidirisha: cha wageni wafadhili, wakiwa na vikombe vyao vya kahawa, cha bwawani, ambako Injinia Machano alipangiwa kusema sentensi moja iliyopigwa muhuri, na cha soko la Kokoto, watu wamejaa.

"Ndugu wananchi," alianza Waziri, "maji ni uhai. Na uhai ni nini? Uhai ni maji. Serikali yenu imelitafakari jambo hili kutoka pande zote mbili."

Zawena akabonyeza. Chini ya skrini yakapita maandishi: BWAWA LA FAHARI NI IMARA KULIKO WAKATI WOWOTE. WANANCHI WASIWE NA WASIWASI.

Sokoni Kokoto watu wakatazamana. Kisha wakasimama, mmoja mmoja, halafu wote. Akina mama wakaanza kufunga vitu kwenye kanga, watoto wakabebwa mgongoni. Bi Siwema naye alikunja mkeka, akafunga fundo la nguo zake, akaweka sufuria juu.

"Mnaona?" alisema Bwana Tahadhari, na sauti ikamtetemeka kwa furaha. "Wamesimama kwa heshima."

"Sasa," alisema Waziri, "tumsikie Injinia Machano, ambaye yuko bwawani penyewe, na ambaye atatuambia kwamba kila kitu ni shwari."

Kidirisha cha bwawani kikapanuka. Injinia alikuwa amelowa chapachapa, na nyuma yake palikuwa na mngurumo uliofanya spika zetu zikorome. Hakuangalia karatasi yoyote.

"Mheshimiwa, nimepiga simu ofisini kwako tangu juzi. Nimeambiwa mambo ya bwawa yatazungumzwa kwenye semina. Haya, semina ndiyo hii. Ukuta una ufa ambao mtu anapitisha mkono. Saa nane lazima nifungue milango yote, la sivyo ukuta wote unaondoka. Kwa vyovyote vile, maji yanashuka Kokoto. Waambieni watu wapande mlimani. Sasa hivi! Nawaomba jamani, waambieni."

Waziri alitabasamu. Hakuna kitu kigumu kwa mwanasiasa kama kutabasamu bila kujua kwa nini, na Mheshimiwa Makeke alikuwa na shahada ya uzamivu katika jambo hilo.

"Tunamshukuru Injinia," alisema, "kwa taarifa yake yenye kutia moyo."

Kidole changu kilikuwa kimekwisha kufika kwenye kitufe. [makofi] [makofi] [makofi]. Zawena alinigeukia. Uso wake ulikuwa umepauka kama unga.

"Kaka Mbaruku, ondoa kidole."

"Dada, ni kanuni. Maneno hayana muhuri."

"Mama yangu yuko pale." Alinyoosha mkono kwenye kidirisha. "Yule pale, mwenye sufuria. Ondoa kidole, nakuomba."

Niliondoa kidole. Naomba ieleweke kwamba kilikuwa kimechoka.

Vidole vyake vikaruka juu ya kibodi, na mbele ya macho ya taifa zima yakapita maneno ambayo hayakupigwa muhuri na mtu yeyote: BWAWA LINAPASUKA. MILANGO YOTE INAFUNGULIWA SAA NANE. WATU WA KOKOTO, PANDENI MLIMANI SASA HIVI.

Bwana Tahadhari alikumbatia muhuri wake. "Neno limepita uchi," alinong'ona.

Zawena hakumsikia. Alikuwa amesimama, mikono miwili kwenye meza, macho kwenye soko la Kokoto, akingoja watu wakimbie.

Hawakukimbia. Walisoma maandishi hadi mwisho, wakayasoma tena, kisha mabega yao yakashuka. Mtu mmoja akacheka. Mwingine akajifuta jasho usoni na kumpiga mwenzake begani. Waliokwisha kufika ukingoni mwa soko walirudi na mizigo yao. Muuza maandazi akawasha jiko. Bi Siwema akafungua fundo, akatandika mkeka tena, akakaa na kunyoosha miguu kama mtu aliyetoka safarini.

"Wanakaa," alisema Zawena. "Kaka, kwa nini wanakaa?"

Halafu akaelewa, kabla sijamjibu. Nilimwona akielewa. Aliketi ghafla kama aliyekatwa miguu.

"Wamesoma," alisema. "Ee Mungu wangu, wamesoma! Kwetu kila mtu anajua kuyasoma haya maandishi. Yakisema kaeni, unakimbia. Yakisema kimbieni, unakaa. Mama alinifundisha mwenyewe nikiwa sijaota meno ya utu uzima. Nimekaa mjini mpaka nimesahau." Akajipiga kifuani. "Walikuwa wanaondoka, Kaka! Walikuwa wameshafunga mizigo. Mimi ndiye niliyewarudisha."

*

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo na Waziri akaingia, ameacha studio ikimwonyesha mkalimani wa lugha ya alama akiwa amesimama peke yake, mikono mfukoni, kwa kuwa naye hakuwa na muhuri.

"Nani ameandika?" alinguruma. "Nani amenisemesha maneno hayo?"

"Mheshimiwa," alisema Bwana Tahadhari, akiwa amejikunja, "kwa masikitiko makubwa, kisheria maandishi ndiyo yaliyosemwa. Kwa hiyo aliyesema ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe, Mheshimiwa. Tena kwa herufi kubwa."

Waziri alikuwa ameshainua mkono kuwaita askari, mara tukasikia sauti kutoka kwenye kidirisha cha wafadhili. Walikuwa wameweka vikombe chini na kusimama, wanapiga makofi ya kweli, yale ya viganja. Mzee mmoja miongoni mwao alikuwa anafuta machozi. Katika maisha yake yote ya ufadhili, alisema, hajawahi kuona serikali ikijieleza kwa uwazi namna ile.

Kisha simu nyekundu ya Ikulu ikalia. Waziri aliipokea kwa mikono miwili na kupiga magoti kidogo.

"Ndiyo, Mtukufu. Ndiyo, ni mimi niliyesema. Ndiyo, Mtukufu, kwa hiari yangu. Umependezwa? Nashukuru sana, Mtukufu. Tangu utotoni, Mtukufu."

Alipoiweka simu chini alikuwa mtu mwingine. Alijitazama kwenye kioo, akaweka tai sawa, akarudi studio. Bendera hufuata upepo, lakini sijawahi kuona bendera iliyowahi kufika kabla ya upepo wenyewe.

"Ndugu wananchi," alisema, "mimi ni mtu wa ukweli. Ukweli na mimi tumenyonya ziwa moja. Wapo watakaowaambia kwamba viongozi huficha mambo. Leo nawaambia waziwazi: bwawa linapasuka! Naagiza maandishi yale yarudiwe. Yakuzwe. Yawe mekundu!"

Bwana Tahadhari akayapiga muhuri papo hapo, kwa mara ya kwanza katika historia bila kikao, na yakarudiwa. Yakakuzwa. Yakawa mekundu. Na kila yaliporudiwa, Kokoto ilizidi kutulia. Akina baba wakatoa bao. Muuza maandazi akaanza kuuza. Watoto walioshushwa migongoni wakaenda kucheza mtoni, ambako maji yalikuwa tayari yamebadilika rangi.

Saa iliyokuwa juu ya kioo ilionyesha saa sita na nusu.

Zawena alimfuata Waziri mpaka studio, akapiga magoti pembeni, mahali ambapo kamera haikumwona. Mimi nilikwenda nyuma yake, kikazi.

"Mheshimiwa, nakuomba kama baba yangu. Waandikie uongo."

"Nini?"

"Waambie bwawa ni salama. Waambie wabaki nyumbani. Wataondoka wote, nakuapia. Mimi ni mtoto wa kule, nawajua. Hawajawahi kuamini neno letu hata moja, Mheshimiwa, na ndiyo maana bado wako hai."

Mheshimiwa Makeke alimtazama kwa huzuni iliyotoka moyoni kabisa.

"Binti," alisema, "unaniomba niwadanganye wananchi wangu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mbele ya wafadhili?"

"Mama yangu yuko kule."

"Na mimi nina dhamiri." Aliweka mkono kifuani, pale walipobandika kipaza sauti, na dhamiri yake ikasikika nchi nzima ikigongagonga. "Nimesema uongo kwa miaka ishirini ya utumishi wangu, na hakuna hata mmoja aliyeniomba kwa magoti. Leo nimeonja ukweli, na wewe unataka kunirudisha nyuma. Sidanganyi! Hata kama watakufa wote, watakufa wakiwa wameambiwa ukweli."

"Hata hivyo," aliongeza Bwana Tahadhari kutoka mlangoni, "mstari wa zamani umeshafutwa. Uongo mpya lazima upite kwenye Kamati, na Kamati inakaa Alhamisi."

"Alhamisi hakutakuwa na Kokoto," alisema Zawena.

Alisimama, akakung'uta magoti. Alitembea taratibu mpaka kwenye meza yake, kwa upole wa mtu anayekwenda kukusanya vitu vyake, na Bwana Tahadhari akampisha. Akaketi. Akaanza kuandika.

HAKUNA HATARI YOYOTE.

Sokoni mchezaji mmoja wa bao aliinua macho, kete ikabaki mkononi.

TAARIFA YA AWALI ILIKUWA MAKOSA. BWAWA NI SALAMA KABISA.

"Mzuieni!" alipiga kelele Waziri kutoka upande wa pili wa kioo. "Anadanganya! Askari! Kuna uongo humu ndani!"

KAENI MAJUMBANI MWENU. MSIPANDE MLIMANI.

Sasa walikuwa wamesimama nusu ya soko. Muuza maandazi aliinua karai la mafuta, akalitupa kando. Buti zilikuwa zinapanda ngazi. Nami nilitazama kitufe changu. Mimi ni mtumishi wa umma, na katika miaka yote ya utumishi nimefundishwa jambo moja tu: panapopita uongo wa Serikali, pasikose makofi. Nikakibonyeza kitufe kwa viganja viwili na sikukiachia.

[makofi] [makofi] [makofi] SERIKALI IKO PAMOJA NANYI. [makofi] [makofi]

Kwenye mstari ule Kokoto nzima ilipata wazimu. Watu waliacha viatu. Walibeba watoto wa wenzao, wakabebewa wa kwao, wakapanda njia ya mlimani kama siafu waliomwagiwa maji. Waliokuwa mtoni walikwenda kunyakuliwa. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona Zawena akivuta pumzi.

Kisha soko likabaki wazi na tukaona mkeka.

Bi Siwema alikuwa amelala. Alikuwa ameamka alfajiri, akafunga mizigo, akaifungua, akasoma mwenyewe kwa herufi nyekundu kwamba hatari ipo, na moyo wake ukatulia. Alikuwa amejifunika kanga mpaka kichwani, mgongo kwenye skrini.

"Mama!" alipiga kelele Zawena. Alipanda juu ya meza, akapiga ukuta wa vidirisha kwa ngumi. "Mama, amka! Mama!"

Alimwita kiziwi, kupitia mtandao usio na spika, na alilijua hilo kuliko sisi sote, na hakunyamaza. Nami nilikuwa ninaita naye. Askari walipoingia, mmoja alimkamata kiuno na mwingine akang'oa waya, na ukuta mzima ukawa mweusi.

*

Saa nane milango ya bwawa ilifunguliwa. Maji yalichukua soko, skrini, kamera, machimbo na kila nyumba ya Kokoto.

Siku ya pili Idara iliandika kwamba watu wote wa Kokoto wameokoka, hata mmoja hakupotea, na kwamba wamewekwa katika kambi nzuri juu ya mlima. Mheshimiwa Makeke alipewa Nishani ya Ukweli. Kambi haikuruhusiwa kutembelewa mpaka ifunguliwe rasmi, na haikuweza kufunguliwa rasmi mpaka utepe wa kukata upatikane.

Kesi ya Zawena ilikuwa ngumu kwa wanasheria. Kama aliandika uongo, basi kisheria Waziri ndiye aliyeusema, na Waziri alikwisha kuvaa nishani. Mwisho wakamtia hatiani kwa kosa la kusababisha wananchi kukimbia bila kibali. Mimi niliulizwa kuhusu makofi yangu, nikasema nilifuata kanuni, wakaiangalia kanuni, wakanipandisha Daraja la Kwanza.

Nilikwenda gerezani kumpelekea mkate na habari.

"Dada, furahi," nilimwambia kupitia wavu. "Wameokoka wote. Hata mmoja hakupotea."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani, Kaka?"

"Na Idara yetu."

Kisha aligeuza uso ukutani akalia kilio cha msiba, kile cha kuvuta, na askari wa kike waliokuwa zamu wakaja kumshika mabega na kumpa pole. Nilitaka kumwambia kwamba huenda ikawa kweli. Lakini nilijiuliza nitajuaje, nikauacha mkate na kuondoka.

Alikaa humo mpaka masika mengine. Na huenda angekaa zaidi, kama wafadhili wasingekumbuka ule uwazi na kudai uwazi zaidi. Mtukufu akatangaza Juma la Ukweli. Idara ikaagizwa iandike walau habari moja ya kweli kabla juma halijaisha. Tukatafuta. Bwana Tahadhari alizunguka wizara zote kwa miguu, akarudi mikono mitupu, ameshikwa na homa. Kwa kuwa habari ya kweli haikupatikana, ikabidi itengenezwe, na iliyoonekana rahisi kuliko zote ilikuwa ni kumwachia mfungwa mmoja.

Yakapita maandishi nchi nzima: ZAWENA, BINTI WA BI SIWEMA WA KOKOTO, AMEACHIWA HURU LEO. NI MZIMA WA AFYA NA YUKO NJIANI KWENDA KWAO.

Yote yalikuwa kweli. Mimi nilipewa kazi ya kumsindikiza, ili habari isije ikaharibika njiani.

"Unataka nikupeleke wapi kwanza?" nilimuuliza nje ya lango.

"Kwa mama. Nataka nilione kaburi lake."

Tulipanda mlima kwa miguu kutwa nzima. Tulipokaribia kambi tulisikia vilio. Mikeka ilikuwa imetandikwa mbele ya vibanda, wanawake wamejifunika kanga vichwani, wanaume wameketi kando kimya, na sufuria kubwa za wali zilikuwa mafigani. Zawena alisimama akashika mkono wangu.

"Bado wanamlilia," alisema. "Muda wote huu."

Akavua viatu, akaingia kati ya waombolezaji kama mtoto wa marehemu anavyoingia, kichwa chini. Walimpisha bila kumtazama. Kisha mmoja akamtazama, akashika mdomo. Mwingine akasimama. Vilio vikakatika upande mmoja, vikaendelea upande mwingine, na katikati ya wote, kwenye mkeka wa mfiwa, alikuwa amekaa Bi Siwema, macho yamevimba, anapokea pole.

Siku ya maji, muuza maandazi alikuwa amerudi kumburuta pamoja na mkeka wake mpaka alipozinduka. Hayo niliambiwa baadaye. Wakati ule sikujua chochote.

Mama na mwana walitazamana.

"Wameandika umeachiwa huru!" alipiga kelele Bi Siwema, kwa sauti ile kubwa ya mtu asiyejisikia. Ilikuwa sauti ya kugombeza. "Wameandika ni mzima wa afya! Uko njiani unakuja! Nikasema basi, mwanangu wamemuua!"

Zawena alianguka mbele yake. "Na wewe walisema umeokoka," alisema, lakini alikuwa analia, na midomo yake haikusomeka.

Bi Siwema alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamwinua uso mpaka ukawa sawa na wake. Alimfuta machozi, akamfuta pua, kama anavyofutwa mtoto. Nyuma yake skrini ya kambi ilikuwa inapitisha maandishi, na yeye alikuwa ameipa mgongo.

"Mimi siwezi tena kuamini kitu nilichosoma," alisema. "Sema wewe. Polepole, nikuone mdomo."

"Nipo, mama."

Akaweka vidole kwenye midomo ya mwanawe.

"Tena."

"Nipo."

"Tena," alisema Bi Siwema.